Kompyuta ya Nyumbani Ikigeuka Ruta: Kinachogawanywa Khasa ni Nini

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba intaneti huingia kwa njia moja tu. Laini yenye bando imo ndani ya modemu ya USB, modemu imechomekwa kwenye kompyuta ya mezani, na kompyuta hiyo peke yake ndiyo inayopata mtandao. Laptopu ya kijana anayesoma SUZA, simu za wadogo zake, televisheni ya sebuleni, zote zimo nyumba hiyo hiyo na hazipati kitu. Kompyuta ile inaweza kuzihudumia zote. Uwezo huo ilikuwa nao tangu siku iliponunuliwa: Windows imeanza kuwa nao katika toleo la pili la Windows 98, mwaka 1999, na Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, ilikuwa nao kabla ya hapo.

Kinachowashinda watu ni maelekezo yanayoonyesha pa kubofya bila ya kusema kinachotendeka. Yakikubali, mtu anafurahi. Yakikataa, hajui pa kushika: anazima, anawasha, anafuta, anasakinisha upya, mwisho anaibeba mashine hadi kwa fundi Darajani. Kumbe ndani yake mna kazi nne tu, na kila moja ina dalili zake inapokufa. Anayezijua kazi hizo ataweza kugawa intaneti kwa mashine yoyote, na akikwama atajua amekwama wapi.

Anwani moja, vifaa vingi

Mtoa huduma anapokuunganisha anakupa anwani moja. Kila kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, yaani pakiti, hubeba anwani mbili: ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Bila ya anwani ya kinakotoka, hakuna jibu litakalokurudia. Kwa hivyo unapotaka vifaa sita vitumie njia moja, suala la kwanza si kasi wala bando. Suala ni kwamba vifaa ni sita na anwani ni moja.

Uhaba huu una historia yake. Anwani za IPv4, mfumo uliochapishwa mwaka 1981 na ambao bado unabeba sehemu kubwa ya mtandao, zina urefu wa biti 32. Hesabu yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011, IANA, wasimamizi wa hazina kuu ya anwani hizo, waligawa mafungu yao ya mwisho. Lakini wahandisi walikwishaona mbali: Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya njia ya kuviwezesha vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje, njia inayoitwa NAT. Februari 1996 yakatengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani, ambazo hazipiti kwenye intaneti ya wote: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Hilo la mwisho ndilo unalolikuta kwenye karibu kila ruta ya nyumbani. Nyumba ya Wete na nyumba ya Fuoni zinaweza zote kuwa na kifaa chenye 192.168.1.5 na wasigombane, kwa sababu anwani hiyo haitoki nje ya nyumba.

Fikiria skuli ya bweni yenye S.L.P. moja. Wanafunzi wanaandika barua kila siku, na kila bahasha inatoka ikiwa na S.L.P. ya skuli. Jibu likirudi, karani atajuaje ni la nani? Atajua kwa sababu kabla ya kuituma barua aliandika katika daftari lake kwamba barua namba 40112 ni ya mwanafunzi fulani wa bweni la pili, na namba hiyo akaiandika juu ya bahasha. Anayejibu huirejesha namba ile ile. Karani anafungua daftari, anasoma, anapeleka.

NAT ni karani huyo. Namba zinaitwa poti, na ziko 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. Laptopu yenye anwani 192.168.137.20 inaomba ukurasa kwa kutumia poti 51544. Kompyuta yako inaipokea pakiti, inafuta anwani ya laptopu, inaandika anwani yake yenyewe iliyopewa na mtoa huduma, inabadilisha poti kuwa 40112, inaweka kumbukumbu, kisha inaituma. Jibu linapokuja kwa poti 40112, linageuzwa kurudi kuwa la 192.168.137.20, poti 51544. Haya hufanyika kwa kila pakiti, maelfu kwa sekunde, na kompyuta kuukuu ya miaka ya 2000 inayamudu bila ya shida kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kile ambacho modemu nyingi za USB zitakuletea.

Pakiti ikija kutoka nje bila ya kuwa na kumbukumbu katika daftari, kompyuta haijui impe nani, basi huitupa. Faida yake ni kwamba mgeni wa mbali hawezi kubisha hodi kwenye simu ya mwanao. Hasara yake tutaikuta kwenye kamera.

Kazi nne

Kazi ya kwanza ni kupitisha. Kompyuta ya kawaida ikipokea pakiti isiyo yake huitupa. Ndivyo inavyotakiwa iwe: kanuni za mwaka 1989 kuhusu vifaa vya intaneti zinataka uwezo wa kupitisha pakiti za wengine uwe umezimwa mpaka mwenye mashine auwashe mwenyewe. Kwenye Linux kuuwasha ni mstari mmoja, `net.ipv4.ip_forward=1`. Kwenye Windows unawashwa kimyakimya unapoweka alama ya kugawa muunganisho.

Ya pili ni NAT, ambayo tumeshaieleza.

Ya tatu ni kugawa anwani za ndani. Simu ikijiunga na waifai huuliza kwa sauti: nani atanipa anwani? Anayejibu ni programu ya DHCP. Haitoi anwani tu, inasema pia njia ya kutokea nje ni ipi na majina yaulizwe kwa nani.

Ya nne ni hayo majina. Watu huandika jina la tovuti, pakiti zinataka namba. Anayebadilisha jina kuwa namba ni DNS, na ama kompyuta yako itaibeba kazi hiyo, ama itawaelekeza wote kwa seva ya nje kama vile 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Hotspoti ya simu yako inafanya kazi hizi nne hizo hizo. Ruta ya dukani pia. Tofauti ni umbo na umeme unaoliwa.

Sasa tazama jinsi ujuzi huu unavyosaidia pale mambo yanapokataa. Kaa kwenye laptopu iliyokosa mtandao, angalia anwani yake. Ikiwa inaanza na 169.254, basi hakuna aliyeijibu na imejipa anwani yenyewe. Tatizo liko kwenye DHCP, au kwenye waya, au kwenye paswedi ya waifai. Ikiwa anwani ni nzuri, tumia amri ya ping kuiita kompyuta inayogawa. Ikijibu, ita 8.8.8.8. Hapo ikikataa, ya kwanza au ya pili imekufa: upitishaji haukuwashwa, au NAT imeelekezwa kwenye kadi ya mtandao isiyo sahihi, au programu ya ulinzi inazuia. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, basi ni majina, na ukiandika 1.1.1.1 kwa mkono kwenye mipangilio ya DNS utaona kila kitu kinafunguka. Maswali matatu, dakika mbili, na umeshajua pa kushika.

Kabla ya yote, ifanyie kompyuta inayogawa jaribio hilo hilo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikakosa mtandao au zikabaki na wa kusuasua. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa nyumbani utakaosaidia.

Windows, Linux na Mac

Kwenye Windows ziko njia mbili. Ya zamani iko katika sifa za kadi ya mtandao inayopokea intaneti, kwenye kichupo cha Sharing: unaweka alama, unachagua kadi ya kugawia, basi. Tangu Windows 7 kompyuta hujipa anwani 192.168.137.1 upande wa ndani na kuanza kugawa nyingine. Njia mpya ni Mobile hotspot ya Windows 10 na 11, ambayo hupokea vifaa visivyozidi 8 na hujizima ikiona hakuna aliyejiunga, mpaka uizuie kufanya hivyo. Njia ya zamani ina maradhi yanayojulikana: mashine ikizimwa na kuwashwa, alama inabaki pale pale lakini ugavi haufanyi kazi. Dawa ya haraka ni kuiondoa alama na kuiweka tena. Kwetu, ambako umeme unaweza kukatika mara mbili kwa siku, hili linachosha, na ni sababu yangu ya kwanza ya kuwashauri watu waitazame Linux kwa kazi hii.

Kwenye Linux yenye NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, fungua mipangilio ya kadi ya ndani na chagua anwani zigawiwe kompyuta nyingine. Itajipa 10.42.0.1 na kuziwasha kazi zote nne kwa pamoja. Anayetaka kuona mikono inavyofanya kazi ataandika mwenyewe amri ya NAT:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -o wwan0 -j MASQUERADE`

Hapo `wwan0` ni kadi inayotazama nje. Kwenye mashine yako jina linaweza kuwa jingine, na wengi wanaokwama wamekwama hapo: wamenakili amri pamoja na jina la kadi ya mtu mwengine.

Modemu nyingi za siku hizi haziji kama modemu. Zinajitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao na kuipa anwani ya ndani. Zile za Huawei za aina ya HiLink hutumia 192.168.8.1. Maana yake modemu yenyewe ni ruta ndogo, na NAT imeshafanyika mara moja kabla hata hujagusa kitu. Kuirudia si kosa na tovuti zitafunguka kama kawaida, ila hakikisha mtandao wa juu na wa chini havitumii fungu moja la anwani. Kama modemu inatoa 192.168.8, na wewe ndani umeweka 192.168.8, kompyuta haitajua upande upi ni upi.

Mac nayo inagawa, lakini haikubali kupokea kwa waifai na kugawa kwa waifai ile ile; inataka upande mmoja uwe wa waya au USB.

Redio na kuta za Mji Mkongwe

Kadi ya waifai ndani ya kompyuta iliundwa kwa ajili ya kujiunga, si kujiungiwa. Si kila kadi inayokubali kuwa kituo, na adapta nyingi za bei ndogo zinazouzwa Mlandege zinaweza kuwa kituo kwa jina tu, zikaangusha wateja kila baada ya muda. Ikiwa kadi moja inapokea na kugawa kwa wakati mmoja, kila pakiti inapita hewani mara mbili na kasi inashuka hadi nusu au chini ya hapo.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zikikaribia nusu mita kwa unene, na wakati wa masika zinanyonya maji. Maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio. Mawimbi ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi, huishia chumba kile kile. Ya gigahezi 2.4 hujikokota hadi chumba cha pili. Kununua kirudishi cha mawimbi na kukichomeka mahali ambapo mawimbi tayari ni hafifu ni kutupa fedha, kwa sababu kitarudia udhaifu ule ule.

Kinachofaa ni waya. Waya wa mtandao wa Cat5e unafika mita 100 bila ya kupoteza kitu, na unaweza kupita kwenye ngazi, uani, au pembeni mwa boriti bila ya kutoboa ukuta. Mwisho wa waya weka ruta kuukuu, hata ile iliyotupwa kabatini kwa kuwa haina pa kuweka laini. Iingie kwenye mipangilio, ipe anwani isiyotumika katika mtandao wako, zima DHCP yake, kisha chomeka waya kwenye tundu la ndani na uliache lile lenye rangi tofauti lililokusudiwa kwa mtoa huduma. Ukifanya hivyo inakuwa antena tu, na kompyuta inabaki kuwa mgawaji pekee. Ukisahau kuzima DHCP, kutakuwa na wagawaji wawili wanaotoa majibu yanayopingana, na baadhi ya simu zitapata mtandao na nyingine hazitapata, bila ya mpangilio wowote unaoeleweka. Huu ndio ugonjwa unaosumbua kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu unakuja na kuondoka.

Kwenye majumba ya Michenzani, ambako kuta ni za zege na majirani wako juu, chini, kulia na kushoto, tatizo ni jingine: masafa ya 2.4 yamejaa. Hapo 5 ni bora, na ukilazimika kubaki kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Bando linapoyeyuka

Hapa ndipo familia nyingi zinapojuta siku ya pili. Simu ikiwa kwenye data ya laini yake hujibana: haisasishi programu, haipandishi picha. Ikijiunga na waifai, huamini kwamba intaneti haina mwisho. Simu sita zinaanza kusasisha, kupandisha video za harusi, kupakua matoleo mapya ya mfumo, wote kwenye bando moja la mwenye modemu. Mtoa huduma anahesabu kila kinachopita kwenye laini bila ya kujali kimeombwa na nani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Vijana wawili wakitazama kwa megabiti 2 kila mmoja, saa moja baada ya futari imekula gigabaiti 1.8.

Kwenye kila simu ya Android unaweza kuitambulisha waifai hiyo kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, na Windows nayo ina mpangilio kama huo. Lakini kwenye Linux kuna njia ambayo natamani ingejulikana zaidi. Simu ya Android inapotoa hotspoti, hutuma neno maalumu ndani ya jibu la DHCP, na simu nyingine za Android zikiliona hujua kwamba mtandao huu ni wa bando na hujibana zenyewe. Kompyuta yako inaweza kutuma neno hilo hilo. Programu ya dnsmasq, ambayo NetworkManager huitumia inapogawa, inataka mstari mmoja tu:

`dhcp-option-force=43,ANDROID_METERED`

Uweke katika faili ndani ya `/etc/NetworkManager/dnsmasq-shared.d/`, washa upya ugavi, na kila simu ya Android itakayojiunga itaanza na adabu hiyo bila ya wewe kuizungukia moja moja. Ruta za bei ndogo hazikupi nafasi hii, na kwa nyumba inayoishi kwa bando ni faida kubwa kuliko kasi.

Ushauri mmoja wa zamani ambao bado unazunguka ni kuweka programu kama Squid ihifadhi kurasa zilizokwishafunguliwa ili zisipakuliwe tena. Ulikuwa ushauri mzuri sana enzi zake. Leo karibu tovuti zote zinasafiri kwa njia ya siri, na kompyuta ya katikati haiwezi kusoma kinachopita, seuze kukihifadhi. Kinachofanya kazi bado ni kuzuia majina ya seva za matangazo kupitia DNS, na kwenye Windows kuruhusu kompyuta za nyumba moja zipeane masasisho badala ya kila moja kupakua yake.

Kwa nini simu inakwama mtu akituma video

Mama anazungumza na ndugu yake Muscat kwa WhatsApp, kijana anaanza kupandisha video ya dakika tano, sauti ya mama inakatika. Bando lipo, mnara uko karibu. Wengi husema mtandao umekuwa mdogo. Kilichotokea ni foleni. Modemu ina akiba ya kuwekea pakiti zinazosubiri kutoka, na watengenezaji wameifanya kubwa mno wakidhani pakiti kutupwa ni aibu. Video inaijaza akiba hiyo, na pakiti ndogo ya sauti ya mama inasimama nyuma ya mamia ya nyingine, sekunde nzima au zaidi. Jim Gettys aliyapa maradhi haya jina na kuyapigia kelele kuanzia kiasi cha mwaka 2010, na dawa zake zimo ndani ya Linux: fq_codel tangu 2012, na CAKE tangu 2018.

CAKE hutenganisha mazungumzo ya kila kifaa na kuyapa zamu sawa, hivyo pakiti ndogo hazisubiri nyuma ya mzigo. Ila lazima foleni iwe kwenye kompyuta yako, isiwe kwenye modemu, na kwa hilo unaiambia kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi ya kupandisha. Ikiwa umepima na kupata megabiti 5, mpe 4:

`tc qdisc replace dev wwan0 root cake bandwidth 4mbit nat`

Neno `nat` mwishoni linaiambia isome daftari la NAT ili itambue vifaa vya ndani, vinginevyo wote wataonekana kama mmoja. Unapoteza kidogo katika kasi ya juu na unapata nyumba ambamo watu saba wanatumia laini moja bila ya kugombana. Kasi ya laini za simu hupanda na kushuka kwa saa, kwa hivyo pima jioni, wakati kila mtu yuko hewani, na utumie kipimo hicho.

Kamera, majirani na jina lako

Mtu ananunua kamera ya ulinzi, anaifunga nyumbani Chake Chake, anataka kuitazama akiwa Dar es Salaam. Anafungua poti kwenye kompyuta yake kama alivyoelekezwa, yaani anaiamuru ipeleke kwenye kamera kila pakiti ya nje inayokuja kwa namba fulani, na kamera haipatikani. Sababu ni kwamba mtoa huduma wa laini za simu naye amebana anwani zake na amewaweka wateja wake wengi nyuma ya NAT yake mwenyewe. Karani wako yupo, lakini juu yake yuko karani mwengine ambaye daftari lake hulishiki. Angalia anwani ambayo modemu imepewa upande wa nje: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo khasa, basi kufungua poti kwako hakutasaidia. Njia zinazobaki ni kamera inayopiga simu yenyewe kwenda seva ya mtengenezaji, au VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, kama WireGuard, kati ya nyumba na seva ya kukodi yenye anwani ya wazi. IPv6, yenye anwani za biti 128, ingeondoa kadhia yote, pale mtoa huduma anapoitoa.

NAT ina upande mwengine ambao watu hawaufikirii. Kwa wa nje, wote waliomo nyumbani ni mtu mmoja. Jirani uliyempa paswedi akitukana au akitapeli mtandaoni, kinachoonekana ni laini yako, na laini hiyo imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Kumsaidia mtoto wa jirani afanye kazi za skuli ni wema. Kuwatoza majirani fedha kwa mwezi ni biashara ya huduma ya intaneti, na biashara hiyo inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Pia kumbuka kwamba mgeni aliyejiunga yumo mtandao mmoja na kompyuta yenye hesabu zako na picha za familia. Zima ushirikishaji wa mafaili upande wa ndani, tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3, na usiitumie mashine hiyo hiyo kufungua kila kiambatisho kinachokuja.

Tukuza

Ruta ndogo ya dukani hula kiasi cha wati 8. Kompyuta ya mezani isiyofanya kazi nzito, tuseme wati 60. Ikiwaka mchana na usiku, hiyo ni yuniti 1.44 kwa siku, zaidi ya 43 kwa mwezi, dhidi ya karibu 6 za ruta. Zizidishe yuniti hizo kwa bei unayolipia Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, uone baada ya miezi mingapi ungekuwa umeshanunua ruta. Kwa hivyo kompyuta ya mezani inafaa ikiwa inawaka hata hivyo, dukani, ofisini au kwenye chumba cha kusomea, na si vinginevyo.

Laptopu kuukuu ni habari nyingine. Kioo chake kikizimwa hula kiasi cha wati 15, yuniti kama 11 kwa mwezi, na ina betri. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, giza la karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa thamani ya betri. Minara mingi ya simu ina akiba yake ya umeme, basi unapokatika mtaani, laptopu yenye modemu inaendelea kugawa kwa saa moja au mbili huku ruta ya jirani imekufa. Kwa nyumba nyingi ninazozifikiria, hii ndiyo mashine ninayoipendekeza: laptopu ambayo haifai tena kwa kazi nyingine, Linux ndogo ndani yake, modemu upande mmoja na waya wa kwenda ruta kuukuu upande wa pili.

Ukiiweka, ondoa mpangilio unaoilaza kifuniko kinapofungwa, la sivyo mtandao utakufa utakapoifunga. Iache pahala penye hewa, mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa bahari, kwa kuwa chumvi hula viungo vya USB taratibu. Chungulia betri kila baada ya muda. Ikianza kuvimba, itoe siku hiyo hiyo. Na kama ni ya mezani, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows au Linux haijaanza, utafute mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi, ili umeme ukirudi usiku usimwamshe mtu.